Nani Aamue Mfumo Ufanye Nini?

Mhadhara kwa wafanyabiashara, wahasibu na watengeneza programu, Dar es Salaam

   

Nawashukuru kwa mwaliko, na nawashukuru zaidi wenye maduka mliokuja saa hizi ambazo kwa kawaida mnafunga hesabu za siku. Najua keshia ameachwa peke yake na droo, kwa hiyo sitawaweka sana.

Nimeombwa nieleze namna kampuni inavyoamua mfumo wake wa kuendeshea biashara ufanye kazi zipi. Sikuja kuwaambia mnunue mfumo gani. Anayetaka kujua kama programu ya hesabu ya Tally inaishinda QuickBooks atanikuta kwenye chai, na hata huko nitamjibu kwa swali. Nilichokuja kutetea ni hiki: orodha ya kazi za mfumo huandikwa na kampuni yenyewe, kwa kufuata mzigo mmoja tangu unapoagizwa mpaka fedha yake inapoingia benki, na inakamilika kabla muuzaji wa programu hajafungua kompyuta yake mezani kwenu. Nina hoja sita. Hazilingani uzito, na sitajifanya zinalingana.

1. Fuateni mzigo

Tuchukue kampuni ya vifaa vya ujenzi, ya kubuni lakini mtaitambua: duka Gerezani, ghala Tabata, tawi Morogoro. Mwenye kampuni ameamua kuachana na madaftari, akamwita muuzaji wa programu. Muuzaji anaonyesha skrini moja baada ya nyingine: mauzo, manunuzi, stoo, mishahara, grafu za rangi. Kila kitu kipo. Mkurugenzi anaitikia kwa kichwa, mhasibu anaitikia kwa kichwa, malipo ya awali yanafanyika. Mtunza stoo hakuitwa. Keshia hakuitwa.

Sasa leteni nondo. Kiwandani nondo hununuliwa kwa tani. Kaunta huuzwa kwa kipande. Nondo ya milimita 12 ina uzito wa gramu 888 kwa mita, kipande cha mita 12 kinafika kilo 10.66, na tani moja inatoa vipande 93 na kitu. Hiyo ni hesabu ya kwenye karatasi. Waliowahi kusimama getini kupokea mzigo wanajua kwamba nondo haziji zote na unene ulioandikwa. Zikiwa nyembamba kidogo, tani ileile inatoa vipande 96 au 97. Zikiwa nene, vinapungua. Ankara inasema tani 5. Mtunza stoo amehesabu vipande 481. Mfumo uandike nini?

Mfumo unaojua kipimo kimoja tu utamlazimisha achague. Akiandika tani, kaunta haina cha kuuza. Akiandika vipande kwa hesabu ya karatasi, yaani 469, vipande 12 havimo kitabuni, na kipande kisichomo kitabuni kina miguu. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mfumo wa kampuni hii, kabla ya grafu yoyote, ni kukubali vipimo viwili kwa bidhaa moja, kuandika uwiano halisi wa kila shehena, na kugawa gharama ya tani 5 kwa vipande vilivyohesabiwa. Misumari nayo inaingia kwa katoni na kutoka kwa kilo. Saruji peke yake ndiyo haina ubishi: mfuko unaingia, mfuko unatoka. Na ndiyo bidhaa ambayo muuzaji wa programu hupenda kuifanyia onyesho.

Endeleeni kufuata. Mkandarasi mdogo anachukua vipande 40 kwa mali kauli. Atalipa Jumamosi, mwenye nyumba akimpa fedha. Bei ni ya siku aliyochukua au ya siku anayolipa? Kikomo chake ni kiasi gani, na nani ana ruhusa ya kukivuka mkurugenzi akiwa Morogoro? Mtengeneza programu hawezi kuyajibu maswali haya, na asithubutu kuyajibu, maana hiyo ni sera ya kampuni. Mara nyingi kampuni hugundua siku hiyohiyo kwamba sera haina. Kila karani ana yake.

Kisha anakuja mteja wa mabati ya geji 28, na yenu yamekwisha. Nyote mnajua kinachofuata. Kijana anatumwa duka la jirani, anarudi na mabati, mteja analipa kwenu, jioni mnamalizana na jirani. Kariakoo nzima inaishi kwa kuazimana hivyo. Lakini mfumo uliotengenezwa kwa ajili ya supamaketi ya Ulaya unasema salio ni sifuri, huwezi kuuza. Karani amfukuze mteja? Anauza nje ya mfumo, au anaingiza mapokezi ya uongo ili salio lipatikane. Na winga aliyemleta mteja yuko mlangoni anasubiri fungu lake. Risiti lazima ibebe bei aliyolipa mteja, kwa hiyo fungu la winga liandikwe kama gharama; lisipoandikwa, faida mtakayoisoma mwisho wa mwezi itakuwa ya kwenye skrini tu.

Nawapeni njia ya kupima. Miezi sita baada ya mfumo mpya kuanza, inama uangalie chini ya kaunta. Ukikuta daftari, lisome kurasa zote bila kumgombeza mtu. Kila mstari uliomo ni kazi ambayo mfumo ulipaswa kuifanya na hakuna aliyeitaja wakati wa kuamua. Nawaona wengine wanatabasamu, daftari wanalo.

2. Kila kazi iwe na mwenyewe

Wanafunzi watapenda historia hii. Kompyuta ya kwanza kufanya kazi za kila siku za ofisi ya biashara haikuwa ya benki. Ilikuwa ya J. Lyons, kampuni ya Uingereza iliyouza chai na keki na kuendesha mikahawa. Iliitwa LEO, na ilianza kazi mwaka 1951 kwa kupiga hesabu za gharama na thamani ya bidhaa za kiwanda chao cha mikate. Kampuni ile ilikuwa na idara ya kuchambua kazi za ofisi tangu miaka ya 1930, kwa hiyo mashine ilipopatikana walishajua wanataka iwafanyie nini.

Kazi ninayoipenda ilifuata miaka michache baadaye. Kila mkahawa ulihitaji kuagiza vyakula vya kesho yake. Wangeweza kumtaka kila meneja ajaze fomu nzima kila siku. Badala yake, oda ya kawaida ya kila mkahawa iliwekwa kwenye mfumo, meneja akawa anapigiwa simu na kutaja mabadiliko tu: keki zipungue, mikate iongezeke. Karani aliyekuwa akisikiliza alitoboa mabadiliko hayo kwenye kadi papo hapo, na LEO ikatoa orodha za kupakia magari. Angalieni walichokiamua. Walijua nani anasema nini, saa ngapi, na taarifa hiyo inakwenda kwa nani. Kisha wakampunguzia kazi yule aliye na shughuli nyingi kuliko wote.

Sasa tulinganishe na vikao vyetu. Kila mkuu wa idara anakuja na orodha. Mwaka 1994 Dai Clegg, aliyekuwa kwenye kampuni ya programu ya Oracle, Uingereza, alipendekeza mahitaji yagawanywe mafungu manne: ya lazima, yanayofaa sana, ya ikiwezekana, na yasiyo ya safari hii. Ni mgawanyo mzuri, na nimeutumia. Tatizo lake ni letu sisi: kikaoni kila mtu anaweka yake kwenye fungu la lazima, na hakuna anayetaka kumwaibisha mwenzake.

Kwa hiyo mimi huongeza safu mbili kwenye jedwali. Ya kwanza: kazi hii inajibu swali gani? Ya pili: ni nani, kwa jina, atakayekwama Jumatatu asubuhi swali hilo lisipojibiwa? Jina, narudia, na si idara. «Wateja gani wamepitisha siku 30 bila kulipa?» Anayekwama ni yule dada wa madeni, na simu zake za Jumatatu zinategemea jibu hilo. Kazi hiyo inabaki. «Mfumo utume salamu za siku ya kuzaliwa kwa wateja.» Anayekwama? Kimya. Inatoka. Tena inatoka kwa sababu nyingine: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na kila tarehe ya kuzaliwa unayoikusanya ni kitu cha mtu ambacho sasa unawajibika kukitunza.

Mtashangaa ni ripoti ngapi zinaanguka kwa safu hizo mbili. Kampuni nyingi nilizoziona zina ripoti zinazochapwa kila Ijumaa na kuwekwa kwenye faili ambalo hufunguliwa mkaguzi akija.

3. Kipi kibadilike, mfumo au desturi?

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, na mifano mikubwa inatoka kwa matajiri. Lidl, kampuni ya Ujerumani ya maduka ya vyakula, ilianza mwaka 2011 kujenga mfumo mpya wa kusimamia bidhaa juu ya programu ya SAP. Mwaka 2018 iliuacha baada ya kutumia takriban yuro milioni 500. Magazeti ya Ujerumani yaliyofuatilia habari hiyo yalitaja chanzo kimoja ambacho mhasibu yeyote humu atakielewa: Lidl ilizoea kuthamini mali ya stoo kwa bei ya kununulia, ilhali programu ya kawaida ya maduka ilitumia bei ya kuuzia. Lidl haikutaka kuacha desturi yake, programu ikawa inakatwa na kushonwa upya mwaka hadi mwaka.

Halmashauri ya jiji la Birmingham, Uingereza, ilihamia mfumo wa Oracle mwaka 2022 ikiwa imeifanyia marekebisho yake yenyewe, likiwemo la kulinganisha fedha za benki na vitabu. Sehemu hiyo ilishindwa kazi, wafanyakazi wakarudi kulinganisha kwa mkono, na gharama ya mradi ikapanda mara kadhaa. Septemba 2023 halmashauri ilitangaza kwamba imeishiwa uwezo wa kifedha. Sababu kubwa ilikuwa madai ya malipo sawa kati ya wafanyakazi wanawake na wanaume, lakini mfumo ule nao ulitajwa.

Msiondoke hapa mkisema «basi tununue programu na kuifuata kama ilivyo». Ushauri huo unafaa nusu tu. Mimi huuliza: desturi hii mteja anaifuata kwetu, au sisi tumeizoea tu? Mali kauli mteja anaifuata. Mkandarasi anakuja kwenu kwa sababu mnamwamini mpaka Jumamosi. Mkiiondoa ili kuuridhisha mfumo mmemhamishia kwa jirani. Hiyo lipieni, hata ikigharimu marekebisho. Lakini hati ya kuagiza mzigo yenye sahihi nne, ambayo ya tatu iliongezwa enzi za meneja aliyekwisha kustaafu, hiyo ni mazoea. Acheni programu iifute na mshukuru.

Upo ugumu mmoja ambao siwezi kuwaondolea. Wenye desturi za mazoea ndio huwa na vyeo vya kukaa kwenye kamati ya mfumo, na wenye desturi zinazoleta mteja wapo kaunta, hawakaribishwi. Mwenye kampuni asipoingilia, kamati itatetea sahihi nne na kuisahau mali kauli.

4. Sheria hubadilika, nambari zisifungwe ndani

Hii nitaipitia haraka kwa sababu wahasibu mnaijua kuliko mimi. Kenya ilishusha kodi ya ongezeko la thamani kutoka 16% hadi 14% mwezi Aprili 2020, kisha ikairudisha 16% tarehe 1 Januari 2021. Mteja aliyenunua Desemba na kurudisha bidhaa Januari anatakiwa arudishiwe kwa 14%. Mfumo uliojua kiwango kimoja tu, kile cha leo, ulimrudishia kodi ambayo hakuitoa. Hapa kwetu tozo ya kuendeleza ujuzi iliwahi kuwa 6%, ikashushwa hatua kwa hatua hadi 3.5% mwaka 2023, na idadi ya wafanyakazi inayomfanya mwajiri aanze kuilipa nayo ilibadilishwa.

Andikeni basi kwenye orodha yenu: kila kiwango cha kodi na makato kiwe na tarehe ya kuanza na ya kwisha, na mhasibu aweze kukibadilisha bila kumwita fundi. Andikeni pia namna mauzo yanavyopelekwa mamlaka ya kodi. Sisi tuna mashine za kielektroniki za risiti tangu 2010, Uganda wana mfumo wa EFRIS, Kenya wana eTIMS, na huko Kenya gharama isiyo na ankara ya mfumo huo hukataliwa kupunguzwa kwenye mapato. Mwenye tawi Arusha na jingine Nairobi asifikiri anahitaji mfumo uleule kwa pande zote mbili za mpaka.

5. Mfumo uweze kupingwa

Nawaomba mnipe utulivu kidogo, maana hoja hii inahusu watu waliofungwa.

Shirika la Posta la Uingereza liliweka mfumo wa hesabu ulioitwa Horizon katika matawi yake kuanzia 1999. Mfumo ulipoonyesha upungufu, wakuu wa matawi walidaiwa wao. Mamia walishtakiwa kwa wizi na udanganyifu. Wapo waliofungwa, wapo waliofilisika, wapo waliojiua. Desemba 2019 Mahakama Kuu ilikuta kwamba Horizon ilikuwa na kasoro zilizoweza kuzalisha upungufu usiokuwepo, na kwamba mafundi wa Fujitsu, kampuni iliyouhudumia mfumo huo, waliweza kuingia kutoka mbali na kugusa hesabu za tawi bila mwenye tawi kujua.

Kwa mada yetu ya leo, kuna jambo dogo ambalo halitajwi sana. Mwanzoni mkuu wa tawi aliyeona upungufu asiouelewa aliweza kuuweka pembeni kwenye akaunti ya kusubiri, mpaka uchunguzwe. Mwaka 2005 nafasi hiyo iliondolewa. Baada ya hapo, ili afunge hesabu za kipindi na kufungua tawi kesho yake, ilimbidi aukubali upungufu kuwa deni lake. Mtu fulani, kwenye kikao kama vyenu, aliamua kwamba kazi hiyo haihitajiki.

Sasa rudini Gerezani. Jioni droo ya keshia imepungua shilingi 85,000. Mfumo wenu unampa vitufe gani? Kama kipo kimoja tu, «kata mshahara», mmejenga Horizon ndogo. Pengine mteja alilipa kwa lipa namba na keshia akabofya fedha taslimu. Pengine alituma kwenye namba ya simu ya karani, na hilo ni jambo jingine kabisa. Mfumo uwe na kazi nne hapa: kuweka pembeni tofauti kwa jina na maelezo ya keshia, kulinganisha taarifa ya lipa namba na mauzo kwa namba ya muamala, kuonyesha nani alibadilisha nini na saa ngapi, hata kama ni mkurugenzi au fundi wa programu, na kuzuia mtu yeyote kufuta risiti bila alama kubaki. Hiyo ya mwisho muuzaji atawaambia ipo. Mwambieni aifanye mbele yenu, akiwa ameingia kwa jina la msimamizi mkuu.

6. Umeme na mtandao

Fupi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikayumba Afrika Mashariki nzima, na hapa Tanzania tuliumia sana. Mgawo wa umeme nao mnaukumbuka. Amueni mapema kaunta iweze kufanya nini bila mtandao, kwa saa ngapi, na mtandao ukirudi mauzo ya Gerezani na Morogoro yataunganishwa vipi iwapo pande zote mbili ziliuza mabati yaleyale ya Tabata.

Ndugu Mwenyekiti, nielekee mbele.

Bajeti inasomwa Juni na mabadiliko mengi ya kodi huanza tarehe 1 Julai. Mwenye nia ya kubadilisha mfumo mwaka huu asianze Julai, wala asianze Desemba maduka yanapofurika. Miezi iliyobaki kabla ya hapo inatosha kwa kazi ambayo haina gharama kubwa: chagueni bidhaa tatu, moja rahisi, moja ya vipimo viwili, moja mnayoiazima kwa jirani mara kwa mara. Mpeni mtunza stoo, keshia na dada wa madeni siku moja nje ya kazi zao, waandike kila mkono unaoigusa bidhaa hiyo na kila karatasi inayoandikwa. Karatasi zao ndizo mtakazompa muuzaji, naye aonyeshe mfumo wake ukifanya yaliyoandikwa humo, kwa bidhaa zenu na makosa yenu, bila slaidi.

Kwenu vijana wa programu: mifumo ya nje itaendelea kuja, na kwa mishahara na leja ni mizuri, msipoteze miaka kuiiga. Mali kauli, kuazimana kwa majirani, fungu la winga, nondo ya tani na kipande, lipa namba inayolinganishwa yenyewe kila jioni: hayo ni nadra kuyakuta kwenye programu kubwa kama kitufe cha kwanza. Kazi hiyo iko wazi, na wateja wake wamekaa kwenye viti mbele yenu. Baada ya maswali nimeomba meza mbili pale mlangoni, moja ya wenye maduka wanaokubali kufuatwa mzigo wao kwa wiki moja, nyingine ya watengeneza programu walio tayari kukaa stoo na kalamu kabla ya kugusa kompyuta. Andikeni majina na namba za simu. Wiki ijayo tutawakutanisha wawili wawili.